Matairi ya uwanjani kwa gari linalotokea Tanga

Mwenye gari la michezo hapa Tanga huulizwa swali moja kuliko yote: gari hili unalikimbizia wapi? Swali ni la haki. Barabara za Ngamiani zinakatana kila baada ya nyumba chache, Raskazone ni mahali pa kupunga upepo wa bahari na si pa kukimbizana, na njia ya kutoka Kange kwenda Segera ina vijiji, matuta na askari wa usalama barabarani wa kutosha kumtuliza dereva yeyote anayejisahau. Mashindano ya magari tuliyoyazoea watu wa mkoa huu ni ya rally, yale ya kutimua vumbi katikati ya mashamba ya mkonge, na matairi yake ni habari nyingine kabisa. Anayetaka kuzunguka kwenye lami iliyotengwa kwa kazi hiyo, bila lori mbele wala bodaboda pembeni, hufunga safari ya Kenya hadi Athi River, ulipo uwanja wa Whistling Morans. Upite Horohoro na Mombasa, au upite Segera, Moshi na Namanga, umbali unazidi kilomita 600 kwa kwenda tu, na gari linakwenda kwa magurudumu yake lenyewe, kwa sababu gharama ya kulipandisha kwenye lori ingemaliza hamu yote kabla ya kufika.

Hapo ndipo linapoingia suala la matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya uwanja lakini yakaruhusiwa kisheria kutembea barabarani. Tathmini nyingi za matairi haya huandikwa Japani, Ulaya na Marekani, na karibu zote huishia kwenye sekunde: tairi gani limemaliza mzunguko mapema kuliko jingine. Sina ugomvi na saa. Lakini kwa mtu anayetoka pwani yetu, tairi hutembea zaidi ya kilomita 1,200 za barabara kuu, kwenda na kurudi, kwa ajili ya mizunguko michache ya uwanjani, na mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba sekunde ndizo za kuangaliwa mwisho, baada ya maswali matatu: tairi linafanya nini kwenye maji, linavumilia joto kwa muda gani, na litakuwa limebakiza kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka usoni mwake, kiasi gani siku ya kurudi nyumbani.

Gari ninalolizungumzia ni Toyota 86, lililoingia sokoni mwaka 2012, lenye injini ya Subaru ya lita 2.0 ambayo mitungi yake minne imelala ubavu, nguvu ya farasi 200 hivi na uzito wa takriban kilo 1,240. Lilipotoka kiwandani lilifungwa Michelin Primacy HP za saizi 215/45R17, tairi la jamii ileile iliyowahi kufungwa kwenye Toyota Prius, gari la kubana mafuta. Haikuwa bahati mbaya. Waliolibuni walitaka dereva aonje gari likiteleza na alirudishe kwenye mstari akiwa katika mwendo wa kawaida, si mpaka afikie mwendo wa kumpeleka hospitali. Kwa hiyo kulivalisha tairi lenye kung'ang'ania sana ni kulibadilisha tabia, na wapo wanaosema ni kuliharibu. Mimi nasimama katikati: nataka mshiko unaozidi ule wa kiwandani na breki zinazojibu, ila sitaki gari la farasi 200 ligandishwe chini mpaka kona zote zifanane. Tena Athi River ipo kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Tairi la kung'ang'ania kupita kiasi, mahali kama hapo, humnyima dereva raha aliyoifuata.

Anayeanza kulinganisha matairi haya atakutana kwanza na namba 200. Ubavuni mwa tairi linalouzwa Marekani huandikwa namba ya uchakavu, herufi ya mshiko kwenye njia iliyolowa na herufi ya kuhimili joto. Namba ya uchakavu hupatikana kwa kuliendesha tairi katika msafara wa magari kwenye njia ya mzunguko ya kilomita 640 hivi huko Texas mpaka zitimie maili 7,200, yaani takriban kilomita 11,600, kisha kuulinganisha uchakavu wake na wa tairi la kipimo. Tairi la 200 linatarajiwa kudumu mara mbili ya lile la 100. Kwenye karatasi ni hivyo. Ila msafara ule unakwenda mwendo wa kistaarabu kwenye barabara za kila siku, na namba yenyewe huandikwa na mtengenezaji. Kisha SCCA, chama cha michezo ya magari cha Marekani, kikaweka sharti kwamba magari katika vikundi vyake vya barabarani yatumie matairi ya namba isiyopungua 200, na watengenezaji wakafanya ambalo mfanyabiashara yeyote angelifanya: kila mmoja akatengeneza tairi laini kadiri alivyoweza, akaliandika 200.

Ndiyo maana Yokohama Advan A052, Bridgestone Potenza RE-71RS, Falken Azenis RT660 na Hankook Ventus R-S4 zote zina 200, ilhali ukizifunga kwenye gari moja na kuzipitisha njia moja zitaisha kwa nyakati zisizokaribiana hata kidogo. Michelin Pilot Sport Cup 2 ina 180, Toyo Proxes R888R ina 100, na anayedhani kwamba Cup 2 ni laini kuliko A052 kwa sababu ya hizo 20 zilizopungua amedanganywa na maandishi. Namba hiyo inafaa kutenganisha tairi la familia na tairi la uwanjani. Kutenganisha matairi ya uwanjani yenyewe kwa yenyewe, haiwezi.

Kinachoyatenganisha ni joto. Mpira hushika lami kwa njia mbili. Kwanza hujikunja na kuingia katika vijishimo vilivyo kati ya kokoto, na kwa kuwa haurudii umbo lake papo hapo, sehemu ya nguvu ya mwendo hupotea ndani yake na kugeuka joto. Upotevu huo ndio unaozuia mtelezo. Pili hugandana na uso wa jiwe lenyewe, mradi uso huo ni mkavu na safi. Njia zote mbili hutegemea mpira umepata moto kiasi gani. Tairi la kawaida limechanganywa ili lifanye kazi tangu linapotoka uani, wakati tairi la uwanjani huonyesha thamani yake likikaribia nyuzi 80 na kupanda kidogo. Likipita pale lilipokusudiwa, uso wake unakuwa na utelezi, kashata zinayumba kwenye shina, na kila kona inayofuata inakuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo swali la maana kwa kila tairi ni mawili ndani ya moja: linaamka baada ya muda gani, na likishaamka linakaa macho kwa muda gani.

A052 huamka upesi kuliko zote. Nusu ya mzunguko inatosha, na kwa mzunguko mmoja au miwili hakuna tairi la 200 kati ya hizi ninaloliona likiifikia. Ukikanyaga breki unasikia mkanda wa kiti ukikukaba, na gari linaingia kwenye kona bila kujadiliana. Ndiyo sifa yake, na ndiyo kasoro yake vilevile, kwa maana mpira unaopata moto haraka huungua haraka. Marekani, katika mashindano ya mbio fupi za dakika moja moja, madereva huyamwagia matairi maji kila baada ya zamu ili yapoe. Mtu aliyesafiri siku nzima kutoka Tanga hataki kuzunguka mara mbili, kisha akae kivulini na ndoo ya maji akingoja tairi lirudiwe na fahamu. Na huko barabarani A052 inakuchaji kila kilomita, hata zile ambazo hukuzifurahia.

Ulaini huo nimeuona kwa karibu. Rafiki yangu alileta gari lenye A052 kwa fundi wa alaimenti Ngamiani, mara tu baada ya kutoka barabarani na jua la saa nane. Matairi yalikuwa bado ya moto, na kila upenyo kati ya kashata ulikuwa umeshikilia kokoto, nyingine ndogo kiasi cha punje ya mtama, nyingine zimezama mpaka bisibisi ilihitajika kuzing'oa. Fundi akabonyeza kashata kwa ukucha wa dole gumba, akaondoa, akautazama mkunjo alioacha ukikawia kufutika. "Bosi," akasema, "huu mpira au chingamu?" Kisha akamwonyesha ndani ya madigadi, ambako rangi ilikuwa imedonolewa vidoadoa na kokoto zilizokuwa zikirushwa njia nzima. Kelele yake ukiwa ndani ya gari ni kama ya mvua ya mawe iliyokosa adabu, na huizoei.

RE-71RS ilitoka Japani mwaka 2020 kuchukua nafasi ya RE-71R, tairi ambalo kwa miaka kadhaa lilikuwa ndilo la kulinganishia mengine yote katika kundi hili. Hii mpya ina mchoro usiolingana, yaani upande wa nje umejaa mpira zaidi ili kubeba uzito wa kona, na upande wa ndani una mifereji zaidi ya kutolea maji. Inachelewa kidogo kuamka ikilinganishwa na A052 na kwa mzunguko mmoja mkali inaachwa kidogo, ila ikishapata moto inakaa hapo muda mrefu zaidi na inaisha polepole zaidi. Jambo ninalolipenda kuliko yote ni stelingi. Ubavu wake ni mgumu, na ukigeuza usukani kidogo gari linajibu kidogo, ukiongeza linaongeza. Hakuna ule uvivu wa katikati ambao hufanya dereva akisie. Kwa gari jepesi kama 86, ambalo raha yake yote ni mazungumzo kati ya mikono na lami, sifa hiyo kwangu ina uzito kuliko sehemu ya kumi ya sekunde.

R-S4 ya Hankook ni tairi la watu wa mbio ndefu, zile za saa nyingi ambapo tairi likibadilishwa mara nyingi mbio zimepotea. Linakawia kuamka, mzunguko wa kwanza na wa pili unaweza kudhani umeuziwa tairi la kawaida. Baada ya hapo linashika kwa kiwango kimoja, halipandi sana wala halishuki, na unaweza kukaa uwanjani mpaka breki ndizo ziombe msamaha. Ukiniuliza tairi la kujifunzia kuendesha uwanjani, nitakutajia hilo, kwa kuwa mwanafunzi anahitaji mizunguko mingi inayofanana ili ajue kosa ni lake na si la tairi. Udhaifu wake kwa msafiri ni kwamba barabarani, kwa mwendo wa kilomita 80, halifikii joto lake, na kwenye njia iliyolowa halinipi imani ninayoipata kwa Bridgestone. RT660 ya Falken ipo kati ya hizi mbili, tairi zuri la bei ya kati, na sina la kuongeza juu yake.

Nankang AR-1 kutoka Taiwan hupendwa kwa sababu ni nafuu ikilinganishwa na mshiko wake, na namba yake ya uchakavu ipo chini kabisa ya 200. Hiyo na R888R ni matairi ya uwanjani yaliyoombewa ruhusa ya barabarani: mifereji ni michache, yanataka moto mwingi, na kwenye lami ya kokoto nene yanavuma kiasi kwamba kuzungumza na uliyekaa naye kunahitaji nia. Mpaka Mombasa utakuwa umechoka. Mpaka Athi River utakuwa umenuna. Cup 2, ambayo Porsche huifunga kiwandani kwenye 911 GT3, imechanganywa kwa mipira tofauti katika uso mmoja, na ni kazi ya kuheshimika, lakini ilibuniwa ikiwaza magari mazito yenye nguvu nyingi na wamiliki wasiouliza bei. Kwa 86 naiona kuwa ni kujionyesha.

Nimesema maji ndiyo swali la kwanza, na sijalisema kwa kupamba. Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, mvua inaweza kukukuta ilhali umeiacha Tanga kavu kabisa. Barabara kuu zetu zinapitwa na malori ya mizigo usiku na mchana, na pale magurudumu yao yanapokanyaga lami imedidimia, ikafanya mifereji miwili ambayo mvua ikinyesha inajaa. Tairi likikutana na maji ambayo kashata zake haziwezi kuyatoa kwa wakati, hupanda juu yake na kuelea, na hapo stelingi na breki vyote huwa pambo. Watafiti wa NASA, walipokuwa wakichunguza matairi ya ndege miaka ya 1960, walipata kanuni rahisi inayokadiria mwendo wa kuelea: chukua kipeuo cha pili cha upepo wa tairi kwa psi, zidisha kwa 16.65, utapata kilomita kwa saa. Kwa psi 32 ni kama kilomita 94. Kwa psi 26 ni 85. Ni makadirio, na tairi lenye mifereji ya kina kirefu linaweza kupita hapo maji yakiwa machache, ila kanuni hiyo inasema jambo ambalo dereva wa uwanjani hapendi kulisikia: upepo anaoupunguza ili tairi lishike vizuri kwenye kona ndio huohuo unaomwelesha mapema zaidi njiani.

Matairi ya uwanjani pia huanza na kina kidogo cha kashata kuliko matairi ya kawaida, kwa makusudi, ili kashata fupi zisiyumbe. Ulaya sheria inakataza tairi lililoshuka chini ya milimita 1.6. Kwa safari ya barabara kuu wakati wa masika, mimi tairi la aina hii likishuka chini ya milimita 3 siliamini tena, hata kama uwanjani ndipo hasa linapokuwa kali zaidi. Utata huo hauna dawa: tairi la uwanjani huwa na kasi zaidi linapokaribia kuwa kipara. Anayeishi karibu na uwanja atalifurahia mpaka mwisho wake. Sisi tunalazimika kulistaafisha likiwa bado na nguvu, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kununua.

Hesabu ya upepo nayo ni ya kwetu peke yetu, na sijaiona ikiandikwa popote kwa ajili ya mtu wa pwani. Jaza psi 32 hapa Tanga, mchana wa nyuzi 30. Ukiamka Athi River na kupima alfajiri ya nyuzi 15, baridi itakuwa imeondoa psi mbili na kidogo. Lakini kule juu hewa inayolizunguka tairi ina mgandamizo mdogo, kiasi cha psi 12.3 badala ya 14.7 za usawa wa bahari, na kwa kuwa kipimo husoma tofauti kati ya ndani na nje, mwinuko unakurudishia psi mbili na kidogo. Utasoma 32 ileile na kudhani hakuna kilichobadilika. Kisha uzunguke mpaka tairi lifike nyuzi 80, na kipimo kitakuonyesha 42. Gari jepesi kama 86 linaridhika na 33 hivi likiwa na moto. Kwa 42 tairi linasimama kwa katikati ya uso wake, pembeni hapagusi, na dereva analaumu tairi. Ili ufike 33 yenye moto, asubuhi hiyo ya baridi uanze na psi 25 hivi. Kabla ya kurudi barabarani ujaze tena, ndiyo maana pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara ni kifaa cha lazima kuliko kofia ya mbwembwe. Ukijaza 32 kule na kuteremka, ukipima Tanga tairi likiwa na joto lilelile utakuta 30.

Upepo ukishakuwa sawa, kinachobaki kulinda uwekezaji ni namna magurudumu yalivyosimama. 86 mbele lina shokapu za aina ya MacPherson, na kiwandani magurudumu husimama karibu wima kabisa. Kwenye kona gari linalalia upande, tairi la mbele la nje linabebeshwa bega lake la nje, na bega hilo linaisha huku sehemu iliyobaki ikiwa mpya. Dawa ni kuyalaza magurudumu kidogo kwa ndani upande wa juu, jambo ambalo mafundi wetu wa alaimenti huliita kemba. Boliti maalumu za kurekebishia zinaweza kukupa nyuzi moja na nusu hivi bila kubadilisha kitu kingine. Wapo wanaotaka mbili na nusu au tatu, na uwanjani wana haki. Watu wengi huogopa kwamba kemba ndiyo itakayokula tairi kwenye safari ndefu. Ninavyoona, kinachokula zaidi ni magurudumu kufunguka au kufumba kwa mbele. Yakielekea sambamba kabisa, nyuzi moja na nusu ya kemba inasafiri vizuri. Mwambie fundi hilo kwa maneno hayo, na ubaki pale mpaka aitoe karatasi ya vipimo.

Kuhusu matairi ya mtumba, nitasema kwa ufupi kwa kuwa ushawishi ni mkubwa. Magari ya Japani huja mara nyingine yakiwa na matairi ya jamii hii, kashata zimejaa, na muuzaji anakuambia hayajatembea. Tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa uwanjani hukauka kwa umri, kwa jua na kwa kila mara uliyopata moto na kupoa, na tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata kama jipya na mshiko mdogo kuliko tairi la bei rahisi lililotoka kiwandani mwaka jana. Likibonyezwa kwa ukucha halikubali. Hilo halifai uwanjani wala barabarani.

Ipo hoja moja inayoweza kuangusha haya yote, na ni haki niitaje: kwa nini usiende na matairi ya kawaida, na yale ya uwanjani uyabebe ndani? 86 liliwazwa hivyo hasa. Kiti cha nyuma kikilazwa, matairi manne yanaingia pamoja na vifaa, na Toyota wenyewe walilitangaza hilo. Ukiwa na jeki nzuri na spana ya kupimia mkazo, ambayo kwa nati za gari hili ni Nm 120, kazi haifiki saa moja. Anayekwenda mara kwa mara afanye hivyo; atakuwa na tairi la mvua njiani na tairi kali uwanjani, na hataila A052 yake kwenye lami ya Voi. Mimi linanizuia jambo la kawaida kabisa: nasafiri na mdogo wangu, mizigo ipo, na matairi manne yaliyopangwa nyuma ya kiti hufungua maongezi marefu mpakani. "Hizi za biashara, mzee?" ni swali linaloweza kula asubuhi nzima, hata ukiwa na majibu yote.

Kwa seti moja inayofanya yote, basi, chaguo langu ni RE-71RS katika saizi ileile ya kiwandani, 215/45R17. Haiongozi katika kila jambo: R-S4 inaishinda kwa uvumilivu, na A052 inaishinda kwa ukali. Lakini haipo mkiani katika lolote, na safari ya namna yetu humwadhibu aliye mkiani kuliko inavyomtuza aliye mbele. Atakayekuwa anakaa uwanjani siku nzima bila kujali saa achukue R-S4, asafiri kipupwe, kuanzia Juni mpaka Septemba, mvua zikiwa zimepungua.

Seti mpya ikifika, muombe muuzaji picha ya tarakimu za DOT za kila tairi kabla hujalipa, kwa sababu manne yanaweza kuwa ya miaka miwili tofauti. Zikishafungwa na kubalansiwa, usiende nazo moja kwa moja uwanjani. Uso wa tairi jipya una utelezi wa dawa ya kutolea kwenye umbo la kiwandani, na mpira wake unahitaji kupata moto wa wastani kisha kupumzika siku nzima kabla haujabanwa kikweli. Kwenda Korogwe na kurudi kwa mwendo wa utaratibu, breki za ghafla zikiepukwa, kunatosha. Kesho yake kaza nati upya kwa spana ya kupimia, pima upepo kabla jua halijapanda, ndipo uangalie tarehe za uwanja.